Muulize Bi Chapati: Miezi porini, unakula nini na unalala wapi?

Toleo lililopita niligusia kwa mstari mmoja tu kwamba nimeitembea Njia ya Appalachia hapa Marekani, ile ya miguu inayoanzia mlima Springer, jimbo la Georgia, ikaishia mlima Katahdin huko Maine. Mhariri ananiambia barua zilizokuja zimezidi hata zile za mwezi wa harusi. Haya, mwezi huu mawifi na kodi za nyumba wasubiri. Kwa asiyeijua: ni zaidi ya kilomita 3,500, inapita majimbo 14, na alama yake ni mstari wa rangi nyeupe uliopakwa kwenye miti na mawe, upana sentimita 5, urefu 15. Ukiufuata mstari huo hupotei. Mimi mtu wa Tanga, naishi Maryland, kazi yangu ni kulea wazee majumbani kwao. Jina la Chapati nilipewa hukohuko njiani, mtaona chini.

"Shikamoo Bi Chapati. Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Nimejaribu kuiona hiyo safari kichwani nimeshindwa. Mtu anaamka porini, halafu? Kutwa nzima unafanya nini?" – Asiyetembea, Morogoro

Marahaba mwanangu. Watu wakisikia mlima wanawaza kilele. Kileleni unakaa robo saa, unapiga picha, upepo unakufukuza. Muda wote uliobaki ni kazi za nyumbani, na nyumba yenyewe unayo mgongoni.

Mimi huamka saa kumi na moja alfajiri. Kwanza nafungua godoro la upepo litoe hewa, na mlio wake unaamsha majirani, kwa hiyo siku inaanza kwa kununiwa. Kisha soksi. Soksi kavu ni za kulalia tu, hazitembelewi hata iweje, maana zikilowa na hizo usiku huna pa kukimbilia. Basi unazivua na kuvaa zile za jana, mbichi, na mwezi wa nne kwenye milima ya Great Smoky unaweza kuzikuta zimeganda zinasimama zenyewe. Nilimwona mwanajeshi mstaafu akizitazama soksi zake dakika nzima bila kusema neno, kisha akazivaa huku amefumba macho.

Saa moja asubuhi uko njiani. Maji unayachota kwenye chemchemi na vijito, unayachuja. Kichujio kinalelewa: usiku wa barafu unalala nacho ndani ya mfuko wa kulalia, kwa sababu maji yaliyobaki ndani yakiganda yanakipasua, na kwa nje huwezi kuona kwamba kimekufa. Wiki za mwanzo kilomita 12 au 15 kwa siku zinakutoa jasho la mwisho. Miguu ikishakomaa, 25 hadi 30 ni siku ya kawaida.

Usitishwe na habari ya milima. Pa juu kabisa, Kuwohi, ni mita 2,025, chini hata ya Mandara ambako wapandaji wa Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala usiku wa kwanza. Ubaya wake ni kwamba hakuna tambarare. Unapandishwa mita mia nne, unashushwa zote, unapandishwa tena. Waliopiga hesabu wanasema vipandio vyote vikijumlishwa ni sawa na kupanda Everest mara 16. Na mandhari yenyewe huyaoni sana, kutwa uko chini ya miti.

Jioni kuna vibanda, zaidi ya 250 njia nzima: paa, kuta tatu, sakafu ya mbao, upande wa nne wazi. Mvua ikinyesha mnabanana, na atakayechelewa afunge hema lake nje. Kila kibanda kina daftari, na daftari ndilo redio yetu. Fulani kapita juzi anachechemea, chemchemi ya mbele imekauka, mbwa wa fulani kapotea, mbwa wa fulani kapatikana. Unakula, unaandika, unalala. Saa tatu usiku huoni taa.

"Dada Chapati, nina kibanda cha chakula Mwembe Tayari. Niambie ukweli, ulikuwa ukisonga sima huko msituni? Na hilo jina lako lilitoka wapi?" – Mwenye Kibanda, Mombasa

Sima hapana, dada yangu. Sima yataka moto wa kudumu na sufuria ya maana, na ukishakula, nani ataukwangua ukoko kwa maji ya barafu? Jiko letu linaenea kiganjani, linafungwa juu ya mtungi mdogo wa gesi, na gesi unaihesabu. Chakula cha njiani ni kile kinachoiva maji yakichemka mara moja: tambi za pakiti, wali uliopikwa ukakaushwa, viazi vya unga vya kukoroga, oti za asubuhi. Siagi ya karanga inaliwa kwa kijiko bila aibu. Kila kitu kinapimwa kwa uzito, na ndiyo maana nilibeba kichupa cha mafuta ya zeituni nikawa natia kwenye kila chungu, hata kwenye oti. Mafuta ni mepesi kubeba kuliko chakula chochote kwa nguvu yanayokupa.

Sasa chapati. Tulikuwa North Carolina, siku ya pili ya mvua, kibanda kimejaa, watu wamenyamaza. Nilikuwa na unga wa ngano, chumvi na yale mafuta yangu. Nilikandia unga ndani ya mfuko wa plastiki, nikasukuma kwa chupa ya maji juu ya mfuko uleule niliouchana, nikachoma kwenye kikaango chembamba cha alumini ambacho kinaunguza katikati na kuacha pembeni mbichi. Dada, wewe ungezirudisha jikoni. Nene, zimepinda, mojawapo ina ramani ya Afrika upande mmoja. Lakini watu wale walikuwa wameishi kwa mikate bapa ya dukani inayokaa mwezi bila kuota kuvu, na wewe unajua mkate usioota kuvu una nini ndani yake. Walikula wamesimama. Kuanzia usiku ule sikuitwa tena jina langu. Njiani kila mtu ana jina la kupewa. Nilitembea wiki nyingi na mama mmoja wa Ohio, tumelia pamoja, tumegawana plasta za miguu, tukaagana sijui kwao anaitwa nani.

Nilibeba na dagaa wa Mwanza, niliowanunua duka la Waafrika kule Silver Spring. Wakavu, wepesi, wanageuza tambi kuwa chakula cha mtu mzima. Harufu yake kibandani ilinipatia nafasi ya kulala peke yangu.

Usiku chakula chote, pamoja na dawa ya meno, kinatundikwa juu au kufungiwa kwenye sanduku la chuma mbali na pa kulala, sababu ya dubu. Lakini anayekutesa kila siku ni panya. Panya wa vibandani anatoboa begi la dola mia tatu kwa ajili ya punje ya karanga uliyoisahau mfukoni.

Halafu kuna njaa. Wiki kadhaa za mwanzo huna hamu ya kula, kisha ghafla inakuja njaa isiyo na adabu. Mwili unachoma kalori 4,000 na zaidi kwa siku, na begi haliwezi kuzibeba zote. Unaota vyakula kwa majina, mimi niliota pweza wa nazi. Karibu na katikati ya njia, pale Pine Grove Furnace, Pennsylvania, kuna duka ambako desturi ni mtembeaji kumaliza nusu galoni ya aiskrimu kwa mkao mmoja, karibu lita mbili. Nilimaliza. Saa zilizofuata tuziache.

"Asalaam aleikum mwanangu. Nimefurahi kusikia binti wa pwani amefika huko. Langu moja. Miezi yote hiyo msituni, sala ulikuwa ukiziswalije, na kibla ulikijuaje?" – Mzee wa Wete, Pemba

Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo babu.

Kibla kilikuwa chepesi kuliko vyote. Ukiwa mashariki ya Marekani, Makka iko kaskazini-mashariki, kwa kuwa dunia ni mviringo na njia fupi ya kufika huko inapanda juu ya Atlantiki. Na njia yetu, kutoka Georgia hadi Maine, kwa jumla inaelekea hukohuko kaskazini-mashariki. Kwa hiyo babu, siku nyingi nilipotaka kuswali nilisimama tu nilivyokuwa nikienda, nikarekebisha kidogo kwa dira.

Udhu nilitia kwenye vijito. Maji ya mwezi wa tatu yanauma mifupa, wallahi, na pale maji yalipokuwa ya kunywa tu nilitayamamu. Safarini nilikusuru na kuunganisha, adhuhuri na alasiri wakati wa kula mchana, magharibi na isha kabla ya kuingia mfukoni. Mswala wangu ulikuwa kanga. Kanga hiyohiyo ilikuwa taulo, pazia la kubadilishia nguo, na mto wa kulalia nikiikunja. Nyama za kukausha za dukani sikuzigusa. Nilikula samaki wa pakiti, mayai nikifika mjini, na wale dagaa.

Ramadhani ilinikuta njiani. Msafiri ana ruhusa, nami niliitumia, kisha nikazilipa siku zangu majira ya baridi ya Maryland, ambapo jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Najua babu utatabasamu hapo. Lakini ruhusa ni ruhusa.

"Nisamehe, swali la aibu. Haja kubwa?" – Sitaji jina

Hakuna aibu, ndilo swali la kwanza la kila mtu, ila wengine wanalizungusha. Vibanda vingi vina choo cha shimo. Pasipo na choo unabeba kijikoleo, unakwenda mita 60 kutoka kwenye maji, njia na pa kulala, unachimba sentimita 15 hadi 20, unafukia. Karatasi unatoka nazo ndani ya mfuko uliofungwa. Mfuko huo usiuchanganye na wa vitafunio.

"Sasa Bi Chapati! Mimi ni kijana wa Nairobi, wikendi hupanda Ngong na Longonot. Nasikia hiyo njia hupitia miji midogo. Mnafikaje huko, mnalala wapi, inagharimu ngapi? Na kuomba lifti ukiwa mtu mweusi, si noma?" – Msee wa Longonot, Nairobi

Poa sana kijana wangu. Barua yako imegusa ninapopapenda, maana kwangu mimi njia ile ni ya miji kuliko ya milima.

Begi linabeba chakula cha siku nne au tano. Baada ya hapo lazima ushuke. Ipo miji michache ambayo njia inaikata katikati. Hot Springs, North Carolina, unateremka mlimani, unajikuta unatembea kwenye barabara kuu ya mji, alama za njia zimo kwenye saruji ya kando ya barabara, kisha unavuka daraja la mto French Broad na kupanda tena. Pale kuna maji ya moto ya asili, watu wanalipa kujiloweka kando ya mto. Damascus, Virginia, ni hivyohivyo, mji wa watu wasiofika elfu moja, lakini tangu 1987 kila mwezi wa tano unafanya sikukuu ya watembeaji, na wanaokuja ni wengi mara nyingi kuliko wenyeji. Mimi nilipita kabla ya kimbunga Helene cha Septemba 2024, kilichoijaza maji miji yote miwili. Picha zilipokuja sikuziamini. Mahali nilipokunywa kahawa palikuwa mto.

Miji mingine iko mbali na njia, kilomita nane, kilomita ishirini. Hapo ndipo lifti. Nitakwambia nilivyofanya, kila mtu na roho yake. Sikusimama barabarani baada ya jua kuzama, wala sikusimama peke yangu kama kuna mtembeaji mwingine wa kumsubiri. Fimbo na begi nilivitanguliza mbele vionekane, kwa sababu mwenyeji wa milima ile akiona begi na fimbo anajua huyu ni mtu wa njia, hata rangi inakuja baadaye kidogo. Kidogo, nimesema. Namba ya gari nilimtumia dada yangu kabla ya kufunga mlango. Liko gari lililosimama likiwa na bendera ya zamani ya Kusini, ile ya waliopigania utumwa, dirishani, nikaliambia asante namsubiri mwenzangu, likaondoka. Pengine alikuwa mtu mwema, sitajua. Lakini waliokuwa wakinibeba zaidi ni wanawake wazee wenye mbwa kiti cha mbele. Mmoja aliniuliza kama Tanzania kuna milima. Nikamtajia mmoja. Akacheka mpaka akapunguza mwendo, na aliponishusha akanipa nyanya za bustani yake kwenye mfuko wa gazeti.

Ukifika mjini kuna mpango, na ukiuvuruga siku inapotea. Kwanza unakula, kabla ya kuoga, kwa hiyo chagua meza ya nje kwa heshima ya wenzako. Pili hosteli: kitanda cha deki, bafu, mwenye nyumba anayekuonyesha chombo cha kuacha viatu nje. Tatu kufua. Kwa kuwa nguo zako zote ni zile, wenzangu wanakaa mbele ya mashine wamevaa makoti ya mvua na suruali za plastiki, bila kitu ndani, joto la Julai. Mimi nilikaa na kanga yangu nimejifunga kifuani, nikisoma gazeti la mtu. Mama mmoja akataka kuinunua palepale.

Nne, duka. Miji mingi haina soko kubwa, ina Dollar General tu, duka la vitu vya bei nafuu, na humo unafanya hesabu ya siku nne zijazo ukiwa umeshiba, jambo la hatari, kwa sababu mtu aliyeshiba hununua kidogo. Ukienda na njaa unanunua begi lisilobebeka. Mimi nilikuwa naandika orodha porini, usiku wa mwisho kabla ya kushuka. Tano, posta. Unaweza kujitumia kifurushi kwa jina lako, ofisi ya posta ya kijijini inakutunzia mpaka uje na kitambulisho, lakini posta hizo zinafunga mapema na Jumapili ni bure kabisa. Hosteli nyingi pia zina sanduku la vilivyoachwa: mtu kachoka na oti zake, kaziacha, wewe unachukua. Nusu ya oti nilizokula zilikuwa za watu waliozichukia.

Fedha: wengi hutenga zaidi ya dola elfu moja kwa mwezi, na sehemu kubwa inaliwa mjini. Porini hakuna cha kununua. Na hapo niongeze jambo ambalo wengi hawalisemi. Inakadiriwa mtu mmoja tu katika wanne anayeanza kule Georgia hufika Maine, na wengi niliowaona wakiacha hawakuachia mlimani kwenye mvua. Waliachia mjini. Amelala kitanda kizuri usiku wa kwanza, wa pili akasema goti bado, wa tatu akampigia mkewe, wa nne basi la kwenda nyumbani. Baridi ya mlimani unaigombeza, unakwenda. Shuka safi utaligombeza kwa lipi? Mimi nilijiwekea usiku mmoja, na asubuhi ile naoga, nafunga begi, natoka kabla ya kifungua kinywa cha hosteli, kwa sababu baada ya pankeki na sharubati yake hakuna anayetoka.

"Bi Chapati, bila kukukwaza. Babu yangu alitembea kutoka Kondoa kwenda kutafuta kazi mashambani Tanga kwa sababu hakuwa na nauli. Wewe una kazi, una gari, unaacha vyote ukatembee kilomita 3,500 bila hata kulipwa. Huo si wazimu wa Wazungu?" – Mkulima, Dodoma

Hujanikwaza, ndugu yangu. Babu yako alikuwa mtembeaji kuliko mimi, na viatu hakuwa navyo. Huenda alifika mashamba ya katani ya kwetu, na bibi yangu akamuuzia uji.

Lakini nikwambie habari ya mama mmoja. Mwaka 1955, Emma Gatewood wa Ohio, mama wa watoto 11, umri miaka 67, aliwaaga wanawe kwamba anakwenda kutembea kidogo. Akaitembea njia yote hii. Hakuwa na hema wala begi la mgongoni. Alishona mfuko mwenyewe akaning'iniza begani, akavaa raba za kitambaa, akajikinga mvua kwa pazia la plastiki la bafuni. Alikuwa ameishi miaka mingi na mume aliyempiga, mpaka wakaachana. Akairudia njia, akairudia tena.

Mimi sina makovu ya mama yule. Ila nimelea wazee wa watu miaka mingi, nikiwageuza kitandani, nikisikiliza mambo waliyoyaahirisha. Mmoja alikuwa na ramani ya njia hii ukutani, imechakaa, hajawahi kukanyaga. Nilipoomba ruhusa ya bila malipo kazini waliniuliza kama ninaumwa. Wewe uite wazimu, nami sitabisha sana. Lakini kwamba ni wa Wazungu hapo nakukatalia. Nani kasema mtu wa Tanga akishapata nauli ameshakatazwa kwenda kwa miguu?

"Mwenzangu Bi Chapati, binti yangu anasoma Virginia na anataka kwenda huko peke yake likizo. Silali. Dubu!" – Mama wa Mbezi Beach

Mwenzangu, lala. Dubu wa milima ile ni mweusi, mara nyingi akikusikia anakimbia. Wakimbiaji niliona, wakorofi sikukutana nao. Binti akimwona asikimbie, ajikuze, apige kelele, arudi nyuma taratibu, na chakula asiweke kamwe ndani ya hema.

Kinachofaa kukukosesha usingizi ni kupe. Yuko kupe mmoja mdogo, akiwa mchanga ni mdogo hata kuliko punje ya ufuta, anabeba ugonjwa wa Lyme. Humsikii akiuma. Kila jioni binti ajikague, nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni, kwenye nywele. Akimkuta amvute kwa kibano, taratibu, karibu kabisa na ngozi. Siku au wiki chache baadaye akiona wekundu unaotanuka, au homa na uchovu usioeleweka, aende hospitali siku hiyohiyo, kwani ukiwahiwa unatibika kwa antibayotiki. Nguo na viatu avinyunyizie permethrin kabla ya safari, avikaushe vizuri. Ni dawa ya ukoo mmoja na zile za vyandarua vyetu, na asili ya ukoo huo ni maua ya pareto, yale wanayolima Iringa na Nakuru. Mimi nilipokuwa nanyunyizia suruali yangu uani, nilijisikia niko nyumbani msimu wa malaria.

Kuhusu upweke: majira ya kuchipua, yaani Machi na Aprili, upande wa kusini kuna watu wengi mno, atatamani huo upweke. Mwambie asitangaze mtandaoni atalala kibanda gani leo. Aandike kesho alipolala jana.

"Shikamoo dada. Tuko Columbus, Ohio, mimi, mke wangu na vijana wawili. Miezi mingi hatuna, tuna siku tatu tu. Tuanzie wapi?" – Baba Wawili, Columbus

Marahaba. Nendeni Harpers Ferry, West Virginia. Mji mdogo wa mawe pale mito Potomac na Shenandoah inapokutana, na makao ya shirika linalosimamia njia hii yapo hapohapo. Gari mtaliacha, au kama mna ndugu Washington, treni inafika hadi ndani ya mji. Mnavuka Potomac kwa daraja la miguu ubavuni mwa reli, mnatembea kilomita chache tambarare kando ya mfereji wa zamani, kisha mnapanda kuingia Maryland. Maryland nzima ni kilomita 65 hivi, vibanda havipishani mbali, na vipandio vyake ni vya huruma. Siku tatu msiitake yote. Nendeni hadi kibanda cha kwanza au cha pili, mlale, mrudi.

Msinunue vifaa vipya. Mahema na mifuko ya kulalia maduka ya vifaa hukodisha. Viatu vya kukimbilia mlivyovizoea vinatosha, buti mpya ndizo zinazozaa malengelenge. Vijana wabebe chakula chao wenyewe, hapo hamtasikia "baba, nina njaa" kila baada ya nusu saa, maana watakuwa wameshakimaliza asubuhi. Mama watoto akitaka kupika chapati, mwambieni abebe kikaango kizito kidogo na moto aushushe. Na kama mnakwenda Oktoba, hakikisheni kila mmoja ana soksi za kulalia.